Historia ya Marehemu Gervais Lecoustey, Aliyeutafuta Mwanzo wa Ukoo wa Vaubosc

Baba Padri, wifi yangu Solange, watoto wetu Blanche na Aubin, ndugu wa Undugu wa Huruma mliomleta kaka yetu hapa kwa kengele zenu za mkono kama mlivyowaleta wazazi wetu, walimu, majirani na nyote mliofika, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Honorine, mdogo wake marehemu, yule niliyebaki na ng'ombe pale nyumbani, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitasoma polepole, kwa sababu macho yangu leo hayatulii, na kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu anayeharakisha tarehe.

Kaka yetu Gervais Aubin Lecoustey alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 22 Januari 1946, hapa La Mare-Hardouin, katika nyumba ile ile ya miti na udongo iliyo nyuma ya bustani ya matufaha, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Aubin Lecoustey, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na marehemu Léontine Quesnel, na alibatizwa katika kanisa hili tarehe 3 Februari mwaka huo huo. Tulizaliwa watatu, yeye, mimi, na Firmin ambaye Mungu alimchukua akiwa mchanga. Mama alitusimulia kwamba Gervais alichelewa kusema, na alipoanza, neno lake la kwanza lilikuwa "hapana," na walimu wenzake walioko hapa wanajua kwamba hakuliacha.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1952, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Bernay kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Caen, alikosomea historia na kupata shahada mwaka 1968. Baba hakuelewa sana jambo hilo, akamwuliza mezani, "Sasa hiyo historia utaikamua saa ngapi?" naye akajibu, "Asubuhi na jioni, Baba, kama hawa wako," na Baba akakubali, maana ilikuwa kweli, mtoto alikuwa anaamka pamoja na ng'ombe na kulala baada yao.

Baada ya kutumikia jeshi alianza kufundisha historia mjini Bernay, Septemba 1969, na alifundisha hapo hapo, bila kuhama, hadi alipostaafu mwezi Julai 2006. Wanafunzi wake walimwita Bwana Labda, kwa sababu mtu akisema jambo kwa uhakika alimwuliza amelijuaje, na akishindwa kueleza, yeye alisema, "Basi andika labda, mwanangu, halafu tuendelee."

Mwaka 1972, katika maktaba ya mji, alikutana na binti aliyekuwa akifanya kazi pale, Solange de Vaubosc, mtoto pekee wa Bwana Enguerrand de Vaubosc wa jumba lile la juu, ambaye mke wake alikuwa amekwisha kufariki. Solange alimwambia, "Wewe unachelewesha vitabu kama bwana mkubwa, na viatu vyako vinanuka zizi," naye akazidi kuvichelewesha ili apate kukaripiwa, mpaka ikajulikana kijiji kizima.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1973, Gervais na Baba walipanda jumbani wakiwa wamevaa suti, wamebeba chupa ya pombe kali ya matufaha ambayo Baba aliiweka tangu mwaka aliooa, wakaposa. Bwana Enguerrand aliwaketisha vizuri, kisha akauliza, "Kijana, babu wa babu yako alikuwa nani?" na Gervais akasema, "Mkamuaji, Bwana, na nyuma ya hapo sijui." Bwana Enguerrand akasema, "Sisi tulikuja na Rolo, yule jemadari wa mabaharia wa kaskazini, alipopewa nchi hii na mfalme zaidi ya miaka elfu iliyopita. Nenda kwanza ukajue ulikotoka, ndipo urudi." Kaka yetu, kwa ulimi wake ule, akajibu, "Nimetoka pale ng'ambo ya kijito, Bwana, paa letu unaliona dirishani," na Baba akamkanyaga mguu chini ya meza, na Solange, aliyekuwa nyuma ya mlango, akacheka, baba yake akageuka akasema, "Na wewe unayecheka, ukitoka na huyu, toka na sanduku lako."

Alitoka na sanduku lake. Ndoa ilifungwa katika kanisa hili siku ya Jumamosi, tarehe 15 Juni 1974, na kiti cha baba yake, pale mbele upande wa kulia, kilikaa kitupu, na wifi yangu alikitazama hadi Padri akamwuliza mara ya pili kama anakubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Blanche, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1976, na Aubin, aliyezaliwa tarehe 12 Septemba 1979. Kwa miaka ile yote Bwana Enguerrand alipokutana nao njiani aliinua kofia, akapita, na watoto walikua wakimjua babu yao kama mtu anayejua minara ya kanisa, kwa kuiona kwa mbali.

Mliozeeka mlisimuliwa na wazazi wenu habari za Kofi la Vaubosc, na waliotoka mbali nitawaeleza. Zamani, kila mwaka, Jumapili iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Leufroy mwezi Juni, watu walikwenda na Padri hadi malisho yale ya chini, yaliyokuwa ya watawa zamani, na penye jiwe la mpaka Padri alimpiga mtoto wa kiume wa ukoo wa Vaubosc kofi moja shavuni, kama lile tulilopigwa na Askofu siku ya Kipaimara, kisha watu wakala mkate wa siagi na kunywa pombe ya tufaha. Ukoo ule ulisema kwamba babu yao wa kwanza, yule aliyekuja na Rolo, ndiye aliyewapa watawa malisho hayo, na kwamba kofi hilo ni lile ambalo zamani mtu alipigwa alipofanywa askari wa farasi, hivyo ni heshima, na hakuna mwingine anayestahili kulipokea ila mwenye jina. Bwana Enguerrand ndiye wa mwisho kupigwa, mwaka 1916, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume, kofi liliishia shavuni kwake, sisi tukabaki na mkate tu.

Mwezi Novemba 1984, Meya wetu wa wakati ule alitangaza kwamba mwaka unaofuata kanisa litatimiza miaka mia tisa, na kwamba ukutani kitawekwa kibao cha kueleza habari za ukoo uliolijenga. Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa nasafisha ndoo, nikamwona Bwana Enguerrand ameingia uwanjani kwetu na fimbo yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, akasimama kwenye tope, akamwambia kaka, "Lecoustey, wanasema unasoma maandishi ya watawa. Niandikie kwamba tulikuja na Rolo, uweke na ushahidi wake, na siku ya sherehe mtakula kwangu, wewe na watoto." Kaka akauliza, "Na mama yao?" Mzee akatazama pembeni, akasema, "Kwani mama yao hali chakula?"

Ndugu zangu, nataka mwelewe mzigo aliokuwa nao kaka yetu, kwa sababu alikuwa ameutafuta mwanzo wa ukoo ule tangu siku ile ya posa, kwanza kwa hasira, baadaye kwa kuupenda, alikwenda Évreux kwenye nyaraka za kale kila likizo, akasoma majina ya mabwana wote waliotia alama ya msalaba katika maandishi ya watawa, na Vaubosc hakuwamo, wala hakuna aliyekuja na Rolo mwenye kufanana naye. Sasa angeweza kuandika maneno mawili tu, watu wote wakafurahi, na mke wake akarudi mezani kwa baba yake, au angeweza kuandika kwamba hajui, na mlango ule ukafungwa hadi kaburini. Wifi yangu alimwambia, nami nilikuwapo, "Andika ulichokikuta, Gervais, lakini usimwue baba yangu."

Mwezi Februari 1985, Baba na jirani yetu mzee Tiphaine walikuwa wamekata ua wa miti ulioziba jiwe la mpaka baina ya malisho yetu na yake, na Baba akawaita wajukuu, akawaonyesha jiwe, akamwambia kila mmoja, "Mpaka uko hapa," kisha akampiga kofi. Aubin alilia, Blanche akakasirika, na kaka yetu aliyekuwa ameshika kamba akasema, "Baba, umefanya nini?" Baba akamshangaa, akasema, "Nimefanya nilichokufanyia wewe, na nilichofanyiwa mimi. Mimi na Tiphaine tutakufa, jiwe watalihamisha, lakini shavu halisahau." Mzee Tiphaine akaongeza, "Na huyu baba yako alinipiga mimi pia, na mimi si mtoto wake," na wakacheka, lakini Gervais hakucheka, alisimama na ile kamba hata ng'ombe akamponyoka.

Kesho yake alikwenda Évreux na mabuti ya zizini miguuni, akaomba ile ngozi iliyoandikwa na watawa, aliyokwisha kuisoma mara nyingi, na safari hii hakutafuta juu, kati ya mabwana waliotia msalaba, ambako wote waliomtangulia walitafuta, akasoma mistari ya mwisho, ambayo hakuna aliyeijali. Hapo imeandikwa kwamba malisho yale yalitolewa na mjane mmoja asiye wa ukoo huo, na kwamba ili tendo hilo lisisahauliwe, mtoto aitwaye Turstin, mwana wa mtunza farasi, alipigwa kofi penye jiwe, akalia, akapewa mkate. Na katika maandishi mengine, ya karibu miaka hamsini baadaye, bwana mmoja mwenye nguvu alitaka kuwanyang'anya watawa malisho hayo, na mashahidi wote walikuwa wamekufa, akabaki Turstin, naye ni mzee, akatishwa kwamba atachomewa nyumba, akaja hata hivyo, akaweka mkono juu ya madhabahu, akaapa kwamba yeye alipigwa pale na anakumbuka, na kwa ajili hiyo watawa wakampa bonde la Vaubosc, yeye na watoto wake. Nyuma ya Turstin yuko baba yake, mtunza farasi, asiyetajwa jina, na nyuma ya huyo hakuna kitu kilichoandikwa.

Kaka yetu alikuja kupiga magoti katika kanisa hili, na siku ya Jumamosi, tarehe 2 Machi 1985, akapanda jumbani peke yake, akamsomea baba mkwe wake yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mtunza farasi?" Gervais akasema, "Mwana wake, Baba." Mzee akasema, "Usiniite baba. Nilikuomba Rolo, umeniletea mavi ya farasi. Toka." Kaka aliacha karatasi mezani, akatoka, akarudi nyumbani, na wifi yangu alipouona uso wake alikwenda kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Machi ikapita, na Aprili, na Mei, wala hakuna salamu iliyokuja, na hata kofia haikuinuliwa tena njiani.

Siku ya Jumapili, tarehe 23 Juni 1985, baada ya Misa ya miaka mia tisa, tulikwenda malishoni kula, bila kofi, kwa kuwa hakukuwa na wa kupigwa. Tukiwa tumeketi, Bwana Enguerrand alishuka mteremko ule kwa fimbo yake, watu wakampisha, akaenda moja kwa moja hadi kwa watoto wa kaka yetu, akauliza, "Nani kati yenu ana kumbukumbu nzuri?" Blanche, aliyekuwa na miaka tisa, akasema, "Mimi, Babu. Huyu Aubin husahau hata viatu." Aubin akasema, "Mara moja tu." Mzee akamshika Blanche mkono, akampeleka penye jiwe, akamwambia Padri ampige. Padri alisita, akasema kwa upole kwamba ni msichana, tena ni Lecoustey, na mzee akamjibu mbele ya watu wote, "Baba Padri, wa kwanza wetu alikuwa mtoto wa mtunza farasi. Huyu ni mjukuu wa mkamuaji. Ataishi muda mrefu kuliko sisi wote hapa. Piga."

Padri akapiga, kidogo sana, na Blanche akasema, "Ni hilo tu?" Watu walicheka hadi vikombe vikamwagika, na waliokuwapo mtanishuhudia kwamba mzee hakucheka, alimgeukia kaka yetu, akasema kwa sauti ambayo sisi wa nyuma tulijitahidi kuisikia, "Nimesoma karatasi zako tangu Machi. Tulipewa bonde lile kwa sababu mmoja wetu alitishwa na hakusema uongo. Sasa nikikukasirikia wewe, nitakuwa mtoto wa nani?" Kisha akampa mkono bintiye, naye Solange hakuushika mkono, alimkumbatia shingoni, na siku hiyo walikula jumbani wote, na Baba yetu pia, na ile chupa ya posa, ambayo mzee alikuwa hajaifungua, ikafunguliwa.

Tangu siku hiyo kofi halikukoma, na hupigwa mtoto yeyote wa kijiji atakayejitokeza, awe wa jina gani, na mwaka huu alipigwa mtoto wa yule mwoka mikate aliyehamia kwetu juzi kutoka Algeria. Kibao mmekipita mkiingia, hapo mlangoni, na maneno yake waliyatunga wawili, mzee na mkwewe, kwa ugomvi wa wiki nzima, kinasema kwamba asili ya ukoo huu haijulikani, na kwamba wa kwanza anayejulikana ni Turstin, aliyekumbuka.

Kila Alhamisi kwa miaka tisa walikaa pamoja kubishana. Mzee alisema, "Na huyo mtunza farasi, je, alitoka wapi? Huenda yeye alikuja na Rolo," na Gervais akasema, "Labda, Baba. Na farasi nao labda." Kaka yetu hakuacha kumtafuta mtu huyo, alifika hadi nchi ya Wabretoni na hadi Denmaki, akaandika vitabu viwili vidogo ambavyo vinauzwa pale kwa Meya, na katika cha pili aliandika waziwazi kwamba ameshindwa. Nilipomwuliza kama haumii kufanya kazi ya maisha yote na kuishia pasipojulikana, aliniambia kwamba sisi sote tunaishia pasipojulikana na sisi, bali panapojulikana na Mungu, naye alikuwa si mtu wa kuhubiri, hivyo nililiweka moyoni.

Bwana Enguerrand alilala katika Bwana tarehe 9 Oktoba 1994, na kaka yetu, aliyekuwa ndugu wa Undugu wa Huruma tangu mwaka 1988, alikuwa mmoja wa waliombeba.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Machi 2021, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akasahihisha huko makosa ya tarehe katika kalenda ya ukutani, na wauguzi wakamwachia kalamu. Mwezi Oktoba mwaka huu moyo nao ulichoka, aliomba kurudi nyumbani, akapokea sakramenti akiwa na akili timamu, na alfajiri ya Jumamosi, tarehe 11 Novemba 2023, sikukuu ya Mtakatifu Martino, alifariki akiwa na mke wake, watoto wake wawili na wajukuu wake watatu, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa dada muuguzi aliyekuja nyumbani kila asubuhi hata barabara ilipoganda, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani, Meya na ofisi yake, jirani yetu mdogo Tiphaine na mkewe walionikamulia ng'ombe wiki hii yote bila kuombwa, kina mama walioleta supu na mikate, Baba Padri, waimbaji, na ndugu wa Undugu wa Huruma watakaombeba sasa hivi hadi mahali pake.

Mahali hapo wengi mmeniuliza, kwa kuwa kaburi la Lecoustey lina nafasi, na mmeona kwamba jiwe lililoinuliwa ni lile la Vaubosc, ukutani upande wa mashariki. Bwana Enguerrand alipokuwa karibu kufa alimwita Solange, akamwambia kwamba nafasi iliyo ubavuni pake asipewe mtu wa jina lake, hata aje na barua ya Askofu, "Ni ya yule mkwe wangu mbishi, na wewe utakaa upande wake wa pili. Nataka awe karibu siku ya ufufuo, maana mtunza farasi atafufuka bonde hili hili, na mtu wa kwanza kumwuliza alitoka wapi asiwe mwingine ila sisi wawili." Wifi yangu ameitunza nafasi hiyo kwa miaka ishirini na tisa, na leo tunaijaza kwa machozi, lakini si kwa huzuni ya wasio na tumaini.

Kaka yangu Gervais, umefika kwa Yule anayetujua sote kwa majina, hata wasioandikwa. Ukimkuta huyo mtunza farasi kabla yetu, mwache amalize kusema, ndipo umbishie. Bwana akupe raha ya milele, nasi tutakukumbuka, pumzika kwa amani.